Grupu la watu 300: ujumbe mmoja wafungwa mara ngapi? (Uzi mrefu, chukua chai)

FundiLangoni

Assalaam aleikum wana Amu (Lamu), mlioko na mlio ng'ambo.

Kwenye grupu letu la vyombo kumezuka ubishi. Grupu lenyewe lina manahodha wa mashua za Mokowe, watu wa samaki, mawakala wa mizigo, na wengine ambao sijui waliingilia mlango upi. Kuna mzee mmoja ashikilia kwamba maneno ya mtu na mwenzake yaweza kufumbwa (kugeuzwa yasisomeke ila na mwenye ufunguo), sawa, lakini ya watu 300 hayawezi. Ati simu ya bei ya chini itatoa wapi nguvu ya kufunga ujumbe mara 300 kila mtu akiandika "bahari mbaya leo"? Kwa hivyo, asema, ile kufuli iliyochorwa pale kwenye WhatsApp ni pambo tu.

Hoja yake si ya kipuuzi. Ni hesabu ambayo waliotunga programu hizi nao walilazimika kuipiga. Pale grupuni nikieleza nitafukuzwa, naleta huku.

Nazungumzia WhatsApp kwa sababu ndiyo tunayotumia sote. Ilikamilisha kufumba mazungumzo yote, ya wawili na ya makundi, Aprili 2016, kwa itifaki ya Signal, yaani kanuni za kufumba jumbe, iliyotungwa na Moxie Marlinspike na Trevor Perrin.

Njia ya kwanza ni hiyo aihesabuyo mzee. Simu yako ina njia ya siri na kila mwenzako peke yake. Ukiandika, ujumbe wafungwa kwa ajili ya wa kwanza, kisha wa pili, hadi wa 299. Hapo mzee kakosea kidogo tu: si nguvu ya simu itakayokwisha. Kufunga sentensi moja kwa AES, hesabu ya kufumba, hata simu kuukuu haishtuki. Kinachoumia ni bando na mtandao, maana nakala zote 299 zapanda kutoka simu yako wewe. Uko kwenye mlango wa bahari wa Mkanda, mtandao kistari kimoja, injini yanguruma, na simu yapandisha nakala 299 za "nafika saa kumi". Signal wenyewe, ambao wana programu yao ya ujumbe, waliishi na njia hii katika makundi kwa miaka kadhaa kabla ya kuihama, na makundi yao ya wakati huo yalikuwa madogo.

Njia ya pili ndiyo iliyoko kwenye simu zetu: ufunguo wa mtumaji. Mara ya kwanza unapofungua mdomo grupuni, simu yako yazalisha baiti 32 za kubahatisha, ziitwe ufunguo wa mnyororo, pamoja na jozi ya funguo za sahihi, nusu ya siri na nusu ya wazi. Ule wa mnyororo na nusu ya wazi ya sahihi vyatumwa kwa kila mwanachama, mmoja mmoja, kupitia zile njia za wawili wawili. Zile 299 zimetokea hapo, lakini ni mara moja, na ni vitu vidogo. Tangu hapo kila ujumbe wako wafungwa mara moja, wapanda kwa seva (kompyuta za WhatsApp) mara moja, na seva ndiyo yenye kazi ya kuugawa. Seva yagawa kitu isichoweza kukisoma.

Na ufunguo haukai vilevile. Kila ujumbe wachukua ufunguo wake kutoka kwenye mnyororo, halafu mnyororo wenyewe wasagwa kwa hesabu iitwayo HMAC-SHA256 kupata wa mbele yake, na wa nyuma wafutwa. Kusaga huko kwaenda mbele tu. Mtu akiushika wa leo hawezi kuurudisha uwe wa jana.

Kwa hivyo jibu la kichwa cha uzi: mara moja. Ila kuna bei inayolipwa kwingine, nitaifikia mkiuliza.

Nahodha_Mokowe

Fundi, huyo mzee ni mimi na sina mvi nyingi namna hiyo.

Nimesoma mara mbili. Swali: kama shabaha ni kupunguza kazi, kwa nini kila mtu awe na mnyororo wake? Watu 300, minyororo 300, kila simu iweke yote. Si bora grupu zima liwe na ufunguo mmoja, tukamaliza?

FundiLangoni

Nahodha, heshima yako. Niliandika mzee kwa adabu.

Ufunguo mmoja wa wote wavutia, na wako waliofikiria hivyo. Shida ni huo mnyororo. Wewe na wakala wa mizigo mkiandika kwa sekunde moja, nyote wawili mwatumia hatua ileile, yaani ufunguo uleule kwa jumbe mbili tofauti. Sasa nani asogeze mnyororo? Wengine wamepata wako kwanza, wengine wake. Baada ya siku moja ya soga simu zimepotezana. Kila mtu akiwa na mnyororo wake, mwenye kuusogeza ni simu moja tu, na kila ujumbe wabeba namba ya hatua yake. Hakuna wa kugombana naye.

Kuhusu kuweka minyororo 300: baiti 32 mara 300 haifiki hata baiti 10,000. Picha moja ya samaki uliyotuma asubuhi ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi sana.

KijanaWaMkomani

Ngoja, hapo mimi sijaelewa. Ukishampa kila mtu ufunguo wangu wa mnyororo, watu 299 wana uwezo wa kufunga ujumbe kwa ufunguo huo. Basi yeyote aweza kuandika akaonekana mimi? Nauliza kwa nia njema. Kuna mtu hapa mjini ningependa aonekane ameandika "deni la jamaa nalilipa kesho".

mwalimu_faza

Kijana umeuliza swali la maana, hata kama nia yako yajulikana.

Ndiyo sababu ya zile funguo za sahihi alizozitaja Fundi kwa kupita. Mnyororo wafanya kazi ya siri: asiye mwanachama asisome. Hauwezi kuthibitisha nani kaandika, kwa sababu wote wanao. Sahihi yafanya kazi hiyo ya pili. Nusu ya wazi mmepewa nyote, mwaweza kuikagua; nusu ya siri haitoki kwenye simu ya mwenyewe hata siku moja. Kila ujumbe watiwa sahihi kabla haujaondoka. Ukifunga ujumbe kwa mnyororo wa mdeni wako bila sahihi yake, simu zetu zitaukataa na hatutauona kabisa.

Deni lako lifuate kwa miguu.

BiShela

Mimi nasimamia nyumba za wageni, nna grupu la wapishi, wasafishaji na wabeba mizigo. Mara kwa mara mtu aandika na mimi naona tu yale maandishi ya "inasubiri ujumbe huu". Wenzangu wameshausoma na kujibu, mimi nakodoa macho. Nilidhani simu yangu ina virusi. Yahusiana na haya?

FundiLangoni

Bi, hiyo ndiyo sehemu ambayo mtu wa kawaida ayaona haya mambo kwa macho yake.

Seva imekuletea ujumbe uliofungwa, lakini simu yako haina mnyororo wa aliyeandika. Ule ufunguo wake haukukufikia, au ulikufikia halafu ukaufuta. Kisa kikubwa ninachokiona dukani: mtu amebadilisha simu, au amefuta programu akaiweka upya. Simu mpya yazalisha utambulisho mpya, na funguo zote za zamani zimekwenda na maji. Simu yako yaiomba ya mwandishi itume tena. Ikiwa mwandishi amezima simu, au yuko baharini, utangoja hadi awashe. Seva haiwezi kukusaidia kwa sababu yenyewe haina ufunguo.

Kwa hivyo si virusi. Mwambie aliyeandika afungue WhatsApp akiwa na mtandao, aghalabu yatosha. Watu wengi huniletea simu wakitaka nii-format kwa ajili ya hilo, na kui-format ndiko kutawaongezea.

Nahodha_Mokowe

Haya, na sisi tukienda upande wa Kiwayu? Siku mbili hakuna mtandao. Nikirudi zaingia jumbe mia mbili kwa pamoja, nyingine za mbele, nyingine za nyuma. Mnyororo haukatiki?

mwalimu_faza

Haukatiki, kwa ile namba ya hatua. Simu yako iliachia hatua ya 40 ya mtu fulani, sasa yapokea ya 97 kwanza. Yasaga mara 57 mfululizo, yafungua ya 97, na zile funguo za kati yaziweka kando zikingoja wenyewe. Ya 41 ikifika kwa kuchelewa, ufunguo wake upo. Ukishatumika watupwa. Kusaga mara 57 ni muda mdogo kuliko wa kufuta jasho.

BintiAmu_Malindi

Naingia kwa swali la picha. Grupu letu la harusi laua bando. Picha nayo yafungwa mara moja?

FundiLangoni

Mara moja. Picha yafungwa kwa ufunguo wake wa pekee, yapandishwa kwa seva ikiwa fungu la takataka lisilosomeka, halafu ujumbe mdogo wapelekwa grupuni ukiwa na ufunguo huo na alama ya kuhakikisha fungu halijachezewa. Bando lako la kupandisha ni la picha moja. Linalokuua ni la kushusha: kila shangazi ametuma maharusi walewale kwa pembe nyingine. Zima kushusha kwenyewe, ufungue unazotaka.

KijanaWaMkomani

Fundi ulisema kuna bei inayolipwa kwingine. Tumeuliza.

FundiLangoni

Mtu kutoka. Hapo ndipo penye gharama yote, na ndiyo sababu halisi iliyonileta huku.

Mtu akiingia, rahisi. Kila atakayesema baada ya hapo ampa mnyororo wake ulipofikia, si ulipoanza, kwa hivyo mgeni hawezi kusoma ya nyuma. Mtu akitoka au akitolewa mambo yageuka, kwa kuwa ameondoka na minyororo yetu 299 mfukoni. Seva haitampelekea jumbe mpya, lakini tukiachia hapo tutakuwa tumeitegemea seva kulinda siri, na shabaha nzima ilikuwa tusiitegemee. Basi utaratibu ni huu: akitoka mmoja, kila simu yatupa ufunguo wake wa mtumaji na kuanza upya.

Sasa piga hesabu. Watu 300, katoka mmoja, wamebaki 299. Kila mmoja apaswa kuwapa wenzake 298 ufunguo mpya. Hiyo ni 299 mara 298: ufunguo unasafiri mara 89,102 kwa sababu ya mtu mmoja aliyeudhika akatoka. Kwa bahati haifanyiki yote palepale. Simu yangoja hadi mwenyewe aseme kitu ndipo igawe, na nyinyi wenyewe mwajua grupuni wanaosema ni walewale. Wakiwa 20, ni mara 5,960. Na hapo nimehesabu watu. Siku hizi mtu aweza kuunganisha vifaa hadi vinne pamoja na simu yake, na kila kifaa kina funguo zake, kwa hivyo ongeza.

Tena kuna jambo ambalo mnyororo haulitibu. Nilisema mwenye ufunguo wa leo hawezi kusoma ya jana. Ya kesho je? Hayo ayasoma. Akiunakili kutoka kwenye simu yako leo ataendelea kusaga mbele kama wewe, na hakuna kitakachomkatiza ila funguo zikibadilishwa. Katika maongezi ya wawili itifaki huchanganya siri mpya kila mnapojibizana, kwa hivyo jeraha lapona lenyewe. Katika grupu halijiponi. Nayasema haya nami ni fundi simu, watu hunikabidhi simu bila hata kufunga skrini wakaenda kunywa kahawa.

MwamuUghaibuni

Salaam kutoka baridini. Kazi yangu yagusa haya mambo kidogo, niruhusuni.

Hiyo 89,102 ndiyo iliyowasumbua watu hadi wakatunga kitu kingine, MLS (Messaging Layer Security), utaratibu wa kufumba jumbe za makundi. Ni kiwango cha wazi cha IETF, shirika linalotunga kanuni za intaneti, kilichapishwa Julai 2023 kwa jina RFC 9420. Hakuna kampuni moja inayokimiliki.

Fikirini mashindano ya mpira ya mtoano, timu 1,024. Raundi ni 10 hadi fainali, na ratiba hiyo ndiyo twaiita mti. Kila mwanachama ni timu ya chini kabisa. Kila mechi ina ufunguo wake unaojulikana na wale tu walio chini ya mechi hiyo, na wa fainali ndio unaozaa ufunguo wa grupu zima. Anayemtoa mtu hafanyi kazi ya kuwaandikia 1,022 waliobaki. Afuta funguo za njia ya aliyetolewa, kisha azalisha upya za njia yake mwenyewe kuanzia chini hadi fainali. Kila ufunguo mpya aufunga kwa ajili ya upande wa pili wa mechi ile tu: nusu nzima ya grupu yaupata wa fainali kwa kifurushi kimoja, robo kwa kingine, na kuendelea. Mambo yakiwa mazuri ni vifurushi kama kumi. Yakiwa si mazuri, yaani wametolewa wengi na mti umejaa mapengo, vyaongezeka hadi watu wengine wajaze njia zao.

Na lile jeraha analolitaja Fundi lapona humo: mwanachama yeyote aweza kubadilisha njia yake bila mtu kutoka, na aliyenakili ufunguo wa zamani abaki nje.

Wanaoitumia tayari wapo. Programu ya Wire, kwa mfano, na ya Discord kwa simu za sauti na video. Machi 2025 GSMA, muungano wa kampuni za simu, nao waliiingiza katika kiwango cha RCS, kile kinachorithi nafasi ya SMS. Huko kwenu WhatsApp bado ni ufunguo wa mtumaji.

Mbishi_wa_Mkunguni

Nimewaacha mwende hadi mwisho. Mahesabu mazuri, mti mzuri, fainali nzuri. Nani aiambia simu yangu kwamba fulani ni mwanachama? Si seva? Basi seva ikitaka yaingiza mtu wake, simu yangu yampa ufunguo kwa adabu zote, na kufuli bado yaonekana pale.

MwamuUghaibuni

Mbishi, na wewe si wa kwanza. Watafiti wa Bochum, Ujerumani, Rösler, Mainka na Schwenk, walichapisha hayo hayo 2018: mwenye kuitawala seva ya WhatsApp aweza kuongeza mwanachama bila idhini ya admini. Jibu lililotolewa ni kwamba haliwezi kufanyika kimya, kwa sababu kila simu yaonyesha "fulani ameongezwa". Ni kweli yaonyesha. Swali ni nani husoma.

Signal walichukua njia nyingine, orodha ya wanachama yenyewe imefumbwa na seva haiijui. MLS nayo yafunga orodha ndani ya mti, kila aliyeko akubaliane nayo. Lakini hata huko, mtu aliyeingizwa na admini kwa hiari yake ni mwanachama halali.

FundiLangoni

Ndipo nilipotaka tufike. Yakhe, nani amesoma orodha ya grupu letu la vyombo? Mimi nimeisoma. Mna namba za watu waliouza mashua zao miaka iliyopita. Mna namba ambayo mwenyewe, Mungu amrehemu, ametangulia, na laini yake ikikaa bila kutumika huenda ikauzwa kwa mtu mwingine. Kiungo cha kualika kimebandikwa kwenye bango bandarini, nimekipiga picha. Hawa wote simu zetu zawapa funguo kila tunaposema, wala itifaki haijakosea lolote, imefanya ilivyoamriwa.

Hasara yake ni ya kawaida kabisa. Grupuni twataja nani amebeba pesa za mishahara kwenda Faza, chombo gani kimeharibikiwa wapi, nyumba ya nani haina mtu.

BiShela

Hilo la nyumba limenigusa. Mimi huandika "wageni wameondoka, ufunguo uko kwa fulani". Nimekwenda kuangalia sasa hivi. Mna mpishi aliyeacha kazi kabla ya mwezi wa Ramadhani. Simfikirii ubaya, lakini nimemtoa.

KijanaWaMkomani

Basi tuhamie Telegram, grupu lao labeba watu 200,000.

mwalimu_faza

Labeba kwa sababu halifumbwi mwisho hadi mwisho. Maongezi ya siri ya Telegram ni ya watu wawili tu, tena uyaanzishe makusudi. Makundi yake seva yaweza kuyasoma. WhatsApp kikomo ni 1,024, Signal 1,000, na sasa mwajua kwa nini vikomo hivyo si vikubwa.

Nahodha_Mokowe

Nimekubali kuhusu kufuli. Kwa kuwa mimi ni admini mmojawapo, niambieni nifanye nini, maneno machache, nina abiria.

FundiLangoni

Badilisha kiungo cha kualika, kile cha bandarini kife. Washa idhini ya admini kwa anayeingia. Watoe wasiohusika wote kwa kikao kimoja, usitoe mmoja leo na mwingine kesho, maana kila kutoka kwaanzisha ugawaji upya na wenye simu dhaifu ndio watakaoona "inasubiri". Fanya usiku, mtandao ukiwa mwepesi. Na mambo ya pesa na nyumba, fungua grupu dogo la wahusika tu.

Jambo moja nje ya funguo: nakala ya akiba. Watu wengi wameiweka kwenye Google Drive bila kuifumba. Tangu 2021 WhatsApp yaruhusu kuifumba kwa nywila au ufunguo wa tarakimu 64, lakini lazima uiwashe mwenyewe. Mmoja kati ya 300 asipoiwasha, maneno yenu nyote yako humo.

Mbishi_wa_Mkunguni

Na tukimtoa mtu, atajua?

FundiLangoni

Akifungua grupu ataona ametolewa. Wa kulalamika waelekezwe kwa Nahodha.

Nahodha_Mokowe

Ahsanta sana, Fundi.